Methali Iliyokatwa: Jukwaa na Albamu katika Nyimbo za Remmy Ongala wa Sinza

Ikisiri

Makala hii inachunguza yaliyozipata nyimbo za Ramadhani Mtoro Ongala (1947–2010), anayefahamika zaidi kwa jina la Dk. Remmy, zilipotoka katika kumbi za dansi za Dar es Salaam na kuingia katika albamu zilizotolewa Uingereza kati ya 1988 na 1992. Hoja yake ni kwamba Remmy alitunga kwa kutegemea hadhira ambayo tayari ilikuwa na nusu ya maneno: majina ya nyimbo zake kadhaa ni vipande vya methali na semi ambavyo msikilizaji huvikamilisha mwenyewe. Albamu ilihifadhi nusu ya fanani na kuiacha ukumbini nusu ya hadhira. Mhakiki anayezisoma nyimbo hizi kwa kutegemea albamu pekee anasoma matini pungufu, ingawa ndiyo matini iliyo rahisi kuipata.

1.0 Kituo cha daladala

Katika njia za daladala zipitazo Sinza, kondakta hutaja vituo vyote kwa sauti moja isiyobagua: Afrika Sana, Kumekucha, Makaburini, Kijiweni, Kwa Remmy. Kila jina lina kisa chake, na Kumekucha peke yake lingestahili makala. Hili la Kwa Remmy linawahusu kwa pamoja mwanaisimu na mwanafasihi. Kisarufi ni kirai kilichokatwa. Nomino iliyopaswa kukitangulia, iwe nyumbani, mahali au mtaa, haitajwi, na msikilizaji huijaza mwenyewe bila kutambua kwamba anafanya kazi hiyo. Dar es Salaam ina majina mengi ya muundo huu: Kwa Aziz Ally kule Temeke, Kwa Mtogole kule Tandale. Jina la namna hii hudai kwamba wasemaji wamjue mwenye mahali, au angalau wawe wamewahi kumjua. Pale wanapoacha kumjua, kirai hubaki, lakini kikiwa ni sauti tu inayoonyesha pa kushukia.

Remmy Ongala aliishi Sinza na kufariki tarehe 13 Desemba 2010. Abiria wengi wanaoshuka leo katika kituo chenye jina lake walizaliwa baada ya albamu yake ya Mambo kutoka mwaka 1992. Wanajua kituo, hawajui wimbo. Hali hii haishangazi wala hailaumiki, kwa kuwa miji husahau. Linaloshughulikiwa hapa ni swali la kitaaluma linalotokana nayo. Siku mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili atakapotaka kuzisoma nyimbo za Remmy kama matini, atasoma nini? Ataanza, kama tunavyoanza wengi wetu, na albamu zilizotolewa ng'ambo, kwa sababu ndizo zinazouzwa, zinazosikika vizuri na zenye majina ya nyimbo yaliyochapwa. Makala hii inadai kwamba huko ndiko mahali pa mwisho pa kuanzia.

2.0 Kigego aliyerudi pwani

Remmy alizaliwa mwaka 1947 huko Kindu, mashariki mwa Kongo, katika eneo ambalo leo ni jimbo la Maniema. Habari za kuzaliwa kwake, ambazo yeye mwenyewe hakuchoka kuzisimulia, zina umbo la ngano ya shujaa. Mama yake alikuwa amepoteza watoto kabla yake. Mganga akamwagiza asimkate nywele mtoto atakayefuata. Mtoto akazaliwa na meno mawili ya mbele, na nywele zake zikaachwa zikue. Watu waliomwona Dar es Salaam na misokoto yake mirefu walidhani ameiga Warasta wa Jamaika. Yeye alisema ameitii amri iliyotolewa kabla hajazaliwa.

Msomaji wa pwani atakumbuka hapa neno ambalo kamusi zetu bado zinalihifadhi: kigego, yaani mtoto aliyezaliwa na meno au aliyetangulia kuota meno ya juu, ambaye mila za zamani zilimhesabu kuwa nuksi kwa jamaa zake. Alama iliyokuwa balaa katika mila za upande mmoja wa eneo la Kiswahili ilisomwa Kindu kama dalili ya uwezo wa kuganga. Cheo cha "Daktari" alichopewa baadaye na mashabiki kina mzizi katika usomaji huu wa pili. Alikuja kuishi katika mji wa pwani akiwa na alama ambayo wazee wa pwani wangeikunjia uso, akaifanya sehemu ya utani wake jukwaani, pamoja na jina la "Sura Mbaya" ambalo hakulikataa.

Lugha yake nayo ilikuwa imesafiri. Kiswahili kilifika Maniema katika karne ya 19 pamoja na misafara ya pembe na watumwa iliyoongozwa na watu kama Hamed bin Muhammed, yaani Tippu Tip, ambaye ngome yake ilikuwa Kasongo. Masimulizi ya maisha yake ni miongoni mwa nathari ndefu za mwanzo zilizotungwa kwa Kiswahili. Kutokana na misafara hiyo kilikua Kiswahili cha Kingwana, chenye viambishi na matamshi yake: batu kwa watu, mutu kwa mtu, inchi kwa nchi. Jina lenyewe la Ramadhani Mtoro ni kumbukumbu ya historia hiyo, Ramadhani likiwa jina la Kiislamu na Mtoro likiwa nomino ya Kiswahili safi. Remmy alipofika Dar es Salaam mwaka 1978, kwa mwito wa mjomba wake Mzee Makassy aliyeongoza Orchestra Makassy, Kiswahili kilichopelekwa bara na wafanyabiashara wa pembe kilirudi pwani mikononi mwa mpiga gitaa. Wanamuziki wengi wa Kongo waliomtangulia jijini, wakiwamo wa Orchestra Maquis, walikuja na Kilingala kama lugha ya uimbaji na kujifunza Kiswahili njiani. Remmy alikuja nacho tangu utotoni. Tofauti hiyo inaeleza kwa kiasi kikubwa kwa nini yeye, zaidi ya wenzake, alikuwa mtunzi wa maneno kwanza na mpigaji baadaye.

3.0 Ukumbi kabla ya studio

Mwaka 1978 haukuwa mwepesi. Vita na Uganda ya Idi Amin vilianza mwishoni mwake, na uhaba wa bidhaa na fedha za kigeni uliofuata uliwagusa wanamuziki moja kwa moja: nyuzi za gitaa, spika na vipaza sauti vyote vilitoka nje. Bendi iliyodumu ilikuwa bendi iliyomilikiwa na jeshi, chama, shirika la umma au tajiri. Matimila, ambayo Remmy alijiunga nayo mwanzoni mwa miaka ya 1980 Makassy alipohamia Nairobi, ilikuwa ya mtu binafsi. Vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, sauti ilikuwa ya mwajiriwa. Baadaye ikawa Super Matimila, na Remmy akawa kiongozi wake.

Sinza nayo ilikuwa mpya. Ilitokana na mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 1970 uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia: serikali ilipima viwanja, ikapitisha barabara na maji, kisha ikamwachia mwananchi ajenge nyumba yake kadiri ya uwezo wake. Mtaa wa namna hiyo hujengwa kwa miaka mingi, chumba baada ya chumba, na katikati ya ujenzi huota baa. Wakazi wake walikuwa makarani, walimu, mafundi na wafanyabiashara wadogo, watu waliokuwa na kipato cha kuwatoa nyumbani Jumamosi usiku lakini si cha kuwafanya wasahau bei ya sukari. Hao ndio Remmy aliowatungia, na alikaa katikati yao.

Njia ya wimbo wa dansi katika miaka hiyo ilikuwa ndefu na yenye mpangilio. Wimbo ulitungwa, ukafanyiwa mazoezi, kisha ukatambulishwa ukumbini. Hapo ulikaa kwa majuma au miezi. Ubeti usioitikiwa ulifupishwa, neno lililozua kicheko lilirudiwa wiki iliyofuata, kiitikio kilichoshikwa na watu kilirefushwa. Baada ya sehemu ya maneno lilikuja chemko, ambapo magitaa huchukua nafasi na watu hucheza kwa nguvu. Lakini hata katika chemko kipaza sauti hakikufungwa. Mwimbaji aliwataja waliofika, aliwashukuru waliomtunza, alirudia neno la ubeti kwa maana mpya. Uimbaji wa Remmy ulikaribia sana kusema. Alikuwa na sauti ya mtu anayebishana na jirani juu ya ukuta, na maelezo yake ya kando yalikuwa marefu kuliko ya waimbaji wengi wa rika lake. Muziki wake aliuita ubongo, akimaanisha muziki wa kufikiria, na bila shaka alifurahia kwamba neno hilo lilipakana na Bongo, jina la utani la jiji ambalo huwezi kuishi ndani yake bila kutumia akili.

Wimbo ulioiva ukumbini ndio uliopelekwa Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa karibu studio pekee nchini kwa bendi za dansi. Maneno yalikaguliwa kabla ya kurekodiwa. Bendi ilipiga kwa pamoja, kwa mkupuo mmoja, bila kurekebisha chombo kimoja kimoja. Malipo yalikuwa madogo, na kaseti zilizonakiliwa mitaani hazikumlipa mtunzi chochote. Sheria mpya ya hakimiliki ilikuja mwaka 1999 tu. Hata hivyo utaratibu huu mkali ulikuwa na matokeo ambayo watafiti hatujayathamini vya kutosha: mkanda wa redio ni picha ya wimbo uliokwisha kujadiliwa na watu. Maneno yaliyomo humo yamechujwa mara mbili, mara ya kwanza na kamati na mara ya pili na wacheza dansi.

4.0 Methali iliyokatwa

Tuyatazame majina ya nyimbo. "Ndumila Kuwili" ni kiumbe wa vichwa viwili anayeuma huku na huku, na ni jina la mnafiki. "Tembea Ujionee" ni usia wa wazee kwa kijana asiyejua dunia. "Kipenda Roho" ni mwanzo tu wa methali. Mzungumzaji yeyote wa Kiswahili huimalizia mwenyewe kwamba hula nyama mbichi. Remmy anatoa mdomo wa methali na kuuacha wazi. Hajiungi na utaratibu wa washairi wa mapokeo, Shaaban Robert akiwa mfano, ambao aghalabu huinukuu methali yote ndani ya ubeti na kuifafanua kama mwalimu anavyofafanua kanuni. Yeye huikata, na ukumbi humalizia. Kukamilisha huko kunaweza kuwa kwa sauti au kimoyomoyo, kwa kicheko au kwa kumtazama mtu fulani aliyeketi meza ya pili. Lakini bila huko wimbo haujaisha.

Mfano ulio mzito zaidi ni "Mnyonge Hana Haki". Kiswahili kina methali inayowaambia wenye nguvu: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Methali hiyo inacheza na sauti za mnyonge na nyonga, na inakubali kwamba mnyonge atanyongwa. Ombi lake ni kwamba asinyimwe sifa au stahili yake. Jina la wimbo linachukua neno la kwanza na neno haki, linaiacha amri, na kuweka mahali pake taarifa: hana. Asiyeijua methali atasikia malalamiko ya kawaida ya maskini. Anayeijua atasikia methali ikikanushwa, na tena ikikanushwa na mtu aliyekwisha kuijaribu. Umbali kati ya mnyongeni na hana ndiyo hoja yote ya wimbo, na umbali huo haumo katika maneno yanayoimbwa. Umo katika kumbukumbu ya msikilizaji.

Neno mnyonge lenyewe linahitaji kuangaliwa. Kiswahili kimekopa maskini na fukara kutoka Kiarabu, na yote mawili yanahusu kwanza ukosefu wa mali. Mnyonge ni neno la Kibantu na kinyume chake si tajiri. Kinyume chake ni mwenye nguvu. Mnyonge anaweza kuwa na kiwanja Sinza na nyumba iliyofika kwenye renta, na bado akawa mnyonge mbele ya karani, polisi au mwenye bendi. Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limelipa neno unyonge uzito wa kisiasa kwa kuufanya sababu ya kuonewa kwa taifa zima. Miaka 15 hivi baadaye, Remmy alilichukua neno hilo kutoka kwa taifa na kumrudishia mtu mmoja mmoja. Sioni kwamba alikuwa akipinga Azimio. Alikuwa akiuliza ahadi yake imefika wapi, na aliuliza kwa msamiati wake.

Inafaa kukumbuka yaliyokuwa yakiendelea Mlimani wakati huo. Kichomi cha Kezilahabi kilikuwa kimetoka mwaka 1974, na Kunga za Ushairi na Diwani Yetu ya Mulokozi na Kahigi mwaka 1979. Mgogoro juu ya vina na mizani ulijaza kurasa za majarida na magazeti. Pande zote mbili zilibishana kuhusu shairi lililo kwenye ukurasa. Katika kumbi za Kinondoni, Magomeni na Sinza, maelfu ya watu walikuwa wakisikia kila wiki maneno yaliyotungwa kwa mistari isiyolingana, yenye urari uliotokana na gitaa badala ya hesabu ya silabi, na hawakuwa na shaka kwamba wanachosikia ni utungo. Ni ajabu kidogo kwamba ushahidi huu haukuitwa mahakamani. Labda ulinuka bia.

5.0 Kutoka Sinza hadi Box

Kanda ya Super Matimila iliyobebwa na rafiki hadi Uingereza iliwafikia waandaaji wa tamasha la WOMAD, ambalo Peter Gabriel alikuwa mmoja wa waanzilishi wake, na bendi ikaalikwa Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1980. Mwaka 1988 ilitoka albamu ya Nalilia Mwana, iliyokusanya rekodi zilizokwisha kufanyika nyumbani. Mwaka 1989 ikafuata Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa katika studio za Real World zilizoko kijiji cha Box, Wiltshire. Kampuni yenyewe ya Real World ilikuwa katika mwaka wake wa kwanza. Mwaka 1992 ilikuja Mambo.

Haki itendeke kwa albamu hizi. Kwa mara ya kwanza magitaa ya Super Matimila yalisikika moja moja, kila moja na njia yake, na ngoma zikapata nafasi ambayo mikanda ya redio haikuweza kuzipa. Jina la mtunzi liliandikwa. Remmy alilipwa kwa njia ambazo nyumbani hazikuwapo, na bila albamu hizi kizazi cha leo kingekuwa na kidogo sana cha kusikiliza. Mashabiki waliosema kwamba aliuza muziki wake kwa Wazungu walisahau kwamba nyumbani haukuwa unanunuliwa, ulikuwa unanakiliwa. Werner Graebner, aliyezichunguza nyimbo hizi katika makala ya 1989 katika jarida la Popular Music, aliuliza katika kichwa chake muziki huu ni wa nani, na swali hilo lilikuwa la wakati wake hasa.

Lakini turudi kwenye maneno. Jina la albamu ya 1989 ni la Kiingereza, na poor man ndiyo tafsiri iliyopatikana ya mnyonge. Tafsiri hiyo si kosa la mtu. Kiingereza hakina neno moja linaloshika udhaifu, unyenyekevu, kuonewa na kukosa mtetezi kwa pamoja. Hata hivyo ilipotumika, mtu aliyekosa nguvu aligeuka kuwa mtu aliyekosa fedha, na msikilizaji wa Ulaya akaalikwa amhurumie. Ukumbini hakuna aliyealikwa kumhurumia mnyonge, kwa kuwa waliokuwapo walijihesabu kuwa ndio wao. Kadhalika "Kipenda Roho" katika albamu ni wimbo wa mapenzi wenye jina zuri. Nyama mbichi haimo, kwa sababu hakuna aliyekuwapo studioni wa kuitia. "Muziki Asili Yake Wapi" ni swali, na kwa desturi ya jukwaa la dansi swali hutupwa kwa watu ili warudishe. Katika chumba chenye kuta za kuzuia mwangwi swali lilirudi kwa muulizaji.

Mambo inaonyesha mwelekeo huo ukienda mbali zaidi. Baadhi ya nyimbo zake zina majina ya Kiingereza, kama "No Money, No Life" na "One World". Mhakiki mwenye haraka ataona hapa mwisho wa hadithi: fanani amebadilisha hadhira, basi amebadilisha lugha. Mambo hayako hivyo kabisa. Katika albamu hiyohiyo mna wimbo unaoitwa "Mrema", jina la Augustino Mrema, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani wa Tanzania kuanzia 1990 hadi 1994 na gumzo la kila kijiwe. Ni vigumu kumfikiria mnunuzi wa Manchester au Paris aliyelihitaji jina hilo. Na wimbo mwingine unaitwa "Inchi Yetu", kwa tahajia ambayo mhariri yeyote wa Kiswahili sanifu angeisahihisha. Ni matamshi ya Kindu, ingawa wapo pia watu wa Dar es Salaam watamkao hivyo, na barua za Kiswahili za zamani ziliandika hivyo. Ukumbi ulikuwa umemfuata studioni. Hakuweza kuuacha mlangoni, na sidhani kama alitaka.

6.0 Neno soksi

Kisa kinachoonyesha kwa uwazi zaidi gharama ya matini pungufu ni "Mambo kwa Soksi". Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Lugha rasmi ilihitaji jina, ikalifinyanga kutoka katika maneno Upungufu wa Kinga Mwilini. Ni jina la kitaalamu lililoundwa vizuri, na halikumsaidia mtu yeyote kuzungumza na mwenzake chumbani. Lugha ya mtaani ilikuwa na njia zake. Kondomu iliitwa soksi, na neno mambo, ambalo ni salamu na ni kila kitu, lilibeba pia tendo la ndoa.

Remmy aliunganisha maneno hayo mawili mwanzoni mwa miaka ya 1990 na kutunga wimbo uliowahimiza wanaume wavae. Radio Tanzania haikuupiga, kwa hoja ya maadili. Kiisimu uamuzi huo una jambo la kuchekesha: wimbo umejengwa juu ya tasfida, yaani mbinu ileile ambayo Kiswahili hutumia kulinda adabu. Hakuna tusi ndani ya soksi. Anayeona tusi amelikamilisha mwenyewe, kama vile anayesikia "Kipenda Roho" anavyokamilisha nyama mbichi. Kamati iliukataa wimbo kwa sababu ilikuwa hadhira nzuri kuliko ilivyopenda kukiri.

Kwa hiyo wimbo ulibaki mikononi mwa ukumbi na kaseti. Hapo tofauti kati ya jukwaa na rekodi haikuwa tena suala la ladha. Watu walikuwa wakifa, na onyo lililotolewa kwa lugha waliyotumia wao wenyewe lilisikika pale tu ambapo Remmy alisimama kuimba, au pale ambapo mtu alikuwa na redio kaseti na nakala iliyochakaa. Mwanakijiji wa mbali aliyekuwa na redio ya betri, na redio hiyo ilikuwa na kituo kimoja cha taifa, hakuupata. Radio One, iliyofungua enzi ya redio binafsi jijini, ilianza mwaka 1994. Sijui namna ya kupima miaka hiyo kwa maisha ya watu, na sitajaribu. Lakini mwanahistoria wa fasihi anayeuliza kama utendaji ni nyongeza tu juu ya matini angefaa aanze na wimbo huu.

7.0 Matini ipi?

Yapo basi makundi matatu ya ushahidi. Albamu ziko madukani na mtandaoni. Mikanda ya Radio Tanzania iko katika hifadhi ya shirika lililoirithi, TBC, na mkanda wa sumaku una umri wake kama binadamu. Ukumbi uko vichwani mwa watu ambao walikuwa na miaka 20 au 30 Super Matimila ilipovuma, na ambao sasa ni wazee. Kundi la tatu ndilo linalopungua haraka kuliko yote, na ndilo ambalo taaluma yetu imelishughulikia kidogo zaidi. Kazi kubwa za utafiti wa muziki wa Tanzania, kama kitabu cha Alex Perullo cha 2011, zimetufundisha mengi kuhusu uchumi wa bendi, studio na redio. Maneno ya wasikilizaji hayakuwa shabaha yao.

Wahariri wa tenzi wamezoea kulinganisha miswada: huu una ubeti ambao ule hauna, mwandishi huyu ameacha mshororo. Hakuna sababu ya kutofanya hivyo kwa wimbo wa dansi. "Kifo", ambao humsemesha mauti kama mtu aliyebisha hodi, unaweza kuhaririwa kwa kuweka mkanda wa redio na rekodi nyingine sambamba, na chini yake kumbukumbu za waliousikia ukumbini, zikiwamo zile zinazopingana. Mhariri atalazimika kuamua kuhusu mambo ambayo wahariri wa tenzi hawajakutana nayo: afanyeje na jina la mtu aliyetajwa katikati ya chemko kwa kuwa alikuwa amenunua bia kwa meza nzima? Pendekezo langu ni kwamba aliache. Ni sehemu ya ubeti.

Miaka yake ya mwisho, akiwa na afya dhaifu, Remmy aliimba nyimbo za Injili. Baadhi ya mashabiki wa zamani waliona amewaacha. Mtu aliyezoea kutoa nusu ya methali na kungoja jibu alikuwa amehamia penye hadhira iliyozoea kuitikia kwa neno moja tu, amina, na mabadiliko hayo yanahitaji uchunguzi wake. Kwa sasa iliyo karibu ni kazi ndogo isiyohitaji fedha nyingi: kukaa Sinza, jirani na kituo kile, na wazee waliocheza dansi katika miaka ya 1980, kuwapigia "Kipenda Roho" kutoka katika albamu ya 1989, na kuandika wanachosema kabla ubeti wa kwanza haujaisha.